Ukuta wa Siku Kumi

Amayi aliweka ukucha wa kidole gumba ukutani, akausukuma kidogo kwenda juu, na rangi ikamfuata. Ilibanduka yote kwa pamoja, kipande kipana kama kiganja, laini kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nyuma yake lipu ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu, na juu ya ule weusi ulikuwepo unga mweupe mithili ya chumvi. Akakigeuza kile kipande, akakitazama upande wa ndani, kisha akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi:

"Achimwene, hii ni rangi au ni shuka?"

Ilikuwa Machi 2022, mtaa wa Chilinde, Lilongwe. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu nipokee malipo yangu, na malipo yenyewe yalikwisha zamani. Sikuwa na jibu. Methali ya ufa na ukuta haikunisaidia kitu, maana ufa nilikuwa nimeuziba vizuri sana.

Kazi ile nilipewa na fundi wa lipu, Mmalawi tuliyewahi kufanya naye ganyu upande wa Kawale. Ganyu ni kibarua: unafanya leo, unalipwa leo, kesho kila mtu na njia yake. Amayi, yaani mama kwa Kichewa, alikuwa amejenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, tofali jekundu la kuchoma, ili apangishe. Lipu, ambayo sisi wa Kivu, Kongo, tunaiita krepi, ilimalizika mwishoni mwa Januari. Mpangaji alikwishatoa kodi ya mwezi na angeingia tarehe mosi Machi. Nilipofika mimi, ukuta ulikuwa na umri wa siku kumi.

Amayi alikuwa na haraka yake, nami nilikuwa na yangu. Mimi ni mtu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Malawi iliuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake, yakiwemo yanayogusa haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea. Kwa sera ya serikali, makazi ya mkimbizi ni kambini. Mwaka 2021 serikali ilitoa amri kwamba wote wanaoishi nje warudi, mahakama ikaisimamisha, lakini wasiwasi haukusimamishwa na hakimu yeyote. Kwa hiyo kazi ya mjini nilikuwa naifanya kama mtu anayeota moto kwenye jiko la jirani: mikono mbele, miguu tayari kuondoka. Siku tano, sita, kisha basi la kurudi. Kumwambia mwenye nyumba asubiri mwezi mzima kulikuwa na maana moja tu kwangu, kwamba kazi atapewa mwingine.

Basi niliutazama ukuta, nikaugusa. Ulikuwa mkavu. Rangi yake ilikuwa ya kijivu chepesi, mkono haukulowa. Nikasema umekauka.

Ukuta mpya ni kama ugali uliopakuliwa: juu umepoa, ndani unaunguza. Tena saruji haigandi kwa kukauka kama watu wanavyodhani. Inaganda kwa kula maji, ndiyo maana fundi mzuri huimwagilia lipu yake kwa muda wa wiki hivi, asubuhi na jioni, isije ikapasuka na kuwa unga. Baada ya hapo ndipo maji yaliyobaki yanaanza safari ya kutoka, polepole, na watengeneza rangi wengi husema wiki nne ndicho kiasi cha chini kabla ya kupaka. Hizo ni wiki nne za hewa kavu. Februari ya Lilongwe mvua hunyesha alasiri nyingi. Na tofali la kuchoma lina kiu: fundi alilimwagilia kabla ya kupiga lipu, na ardhi nayo ililipandishia maji kutoka chini, maana vyumba vile havikuwekewa nailoni juu ya msingi. Maji ya tofali, ya lipu na ya ardhini yote yalikuwa ndani yakitafuta mlango. Mimi nikaja na rangi ya maji yenye mng'ao, ile inayofanya ngozi kama ya plastiki, nikaufunga huo mlango.

Hata hivyo kosa kubwa kuliko hilo nililifanya kuanzia kiunoni kwenda chini. Watoto huchafua ukuta kwa mikono, hivyo Amayi alitaka sehemu ya chini ipakwe rangi ya mafuta ya kahawia, ifutike kwa tambara. Ombi la haki kabisa. Lakini saruji mbichi ina ukali wa magadi. Aliyewahi kuchanganya saruji kwa mikono mitupu anajua vidole vinavyopasuka jioni. Na mafuta yakikutana na magadi huzaa nini? Mama zetu kule Uvira walikuwa wakichukua mawese, wakayachanganya na magadi makali, wakakoroga kwenye pipa, wakakata miche na kuipeleka sokoni. Nimekua nikiona hayo. Kumbe kwa siku mbili nzima nilikuwa nimepiga magoti katika chumba cha Amayi, brashi mkononi, nikipika sabuni ukutani. Wiki tatu baadaye ile kahawia ilikuwa inanata, inateleza, ina malengelenge, na ukiisugua kwa kidole chenye maji karibu itoe povu.

Lakini nisiruke vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linaloniamsha usiku. Rangi ilinigharimu pesa tu.

Kabla ya kupaka niliziba matundu kwa mastiki, nikaupiga ukuta wote msasa. Neno lenyewe, msasa, ni jina la mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Wangu ulikuwa wa dukani, namba 80, mkali kupita kiasi, kwa sababu ndio uliokuwa umebaki kwenye mfuko. Nikasugua mastiki, nikasugua na lipu yenyewe ili nipunguze chembe za mchanga. Nje, Amayi alikuwa ameanika unga wa mahindi kwenye mkeka akitumia lile jua la asubuhi kabla ya mvua. Kwa heshima ya unga wake nikafunga madirisha. Nilijiona mstaarabu.

Ndani ya nusu saa sikuuona ukuta wa pili. Nilijifunga leso mdomoni, nikaendelea. Jasho lilichora mistari usoni. Nilipotoka kunywa maji, mjukuu wa Amayi, mtoto wa miaka minne hivi, alicheka akaniita jina la mzimu wa hadithi zao. Kisha nikachukua fagio kavu nikafagia chumba, nikafungua rangi, nikaanza mkono wa kwanza jioni ile ile. Vumbi lililokuwa linaelea bado lilitua taratibu juu ya rangi mbichi. Asubuhi ukuta ulikuwa kama ulimi wa paka. Na pale ambapo halikutua juu lilikuwa chini yake: sikupangusa ukuta, kwa hiyo rangi haikushika lipu, ilishika unga, na unga haukushika kitu.

Usiku ule, kupitia mlango unaounganisha vyumba vile na nyumba kubwa, nilimsikia yule mtoto akikohoa. Alikuwa na pumu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, maana niliiona dawa yake ya kuvuta juu ya friji. Nilikaa kimya gizani.

Siku ya sita nikapanda basi, ovaroli mwilini, nikarudi nyumbani kilomita 40 na kitu. Nyumbani kwetu ni chumba kimoja na pazia. Kambi iliyopangwa kwa watu elfu kumi hivi ina zaidi ya 50,000, na usiniulize kwa nini sina chumba cha kubadilishia nguo. Nilivua ovaroli nikalikung'uta mlangoni. Nyayo zangu zilibaki nyeupe kwenye mkeka anapolala mtoto wa dada yangu. Wiki ile naye alikohoa. Siwezi kuapa kwamba ni vumbi langu, kwa sababu moshi wa mkaa umo na baridi ya mvua imo. Lakini nilimtazama yule mtoto, nikakumbuka yule mwingine.

Aliyenifungua macho kuhusu vumbi si daktari. Alikuwa mlinzi wa nyumba ya jirani pale Chilinde, mzee wa kama miaka 70, wote wakimwita agogo, yaani babu. Siku ile ya aibu, Amayi alipokwisha kuniachia kile kipande cha rangi na kuingia ndani, yule agogo aliniita kwenye kiti chake chini ya mwembe. Kichewa changu ni cha sokoni, lakini kilitosha.

"Nilikuona siku ile umetoka kama umezama kwenye ufa," akasema. Ufa kwa Kichewa ni unga. "Mimi nimefanya kazi Joni."

Joni ni Johannesburg. Wamalawi wa umri wake walikwenda kwa maelfu kuchimba dhahabu kupitia shirika la kuandikisha vibarua walilolifupisha Wenela. Safari zile zilikatika ghafla baada ya ndege iliyobeba wachimbaji kuanguka Francistown, Botswana, tarehe 4 Aprili 1974, ikaua watu zaidi ya sabini, na Rais Banda wa Malawi akasimamisha uandikishaji. Agogo alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla. Alinisimulia kwamba kule chini keekee ilitoboa mwamba huku maji yakipita ndani yake, na kwamba siku mnyapara alipotaka kazi iende mbio na maji yakafungwa, kila mtu aliona kwa taa ya kofia yake anavuta nini. Wenzake aliorudi nao hawakufa pamoja. Walikwenda mmoja mmoja, kifua. Hospitali iliandika kifua kikuu, na mara nyingi kweli kilikuwepo, kwa sababu pafu lililotiwa makovu na vumbi la mawe hulipokea gonjwa hilo kwa urahisi.

Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano kati ya wachimbaji na makampuni sita ya migodi, ukaundwa mfuko wa fidia uitwao Tshiamiso kwa waliofanya kazi tangu Machi 1965, na Malawi ni mojawapo ya nchi wanakotafutwa wahusika. Agogo alisema jina lake alikwisha kuliandikisha. Kisha akakohoa, akatema pembeni, akaendelea kuutazama mtaa.

Mchanga wa lipu na mwamba wa dhahabu vina kitu kimoja ndani yake, silika. Ukisugua lipu ya saruji na mchanga, unapasua chembe zake kuwa ndogo hata jicho halizioni, na zile zisizoonekana ndizo zinazofika chini kabisa ya pafu. Zile nzito zinazokutia weupe kwenye nyusi hazifiki mbali. Unakohoa, unapiga chafya, zinatoka. Vumbi la mastiki ni afadhali kidogo kwa kuwa sehemu kubwa ni chokaa au jasi, ila kwa mtoto mwenye pumu hakuna vumbi la afadhali. Na leso niliyojifunga ilizuia nini? Nzi.

Nilipanda basi la jioni na kipande cha rangi mfukoni. Tukapita Kanengo, tukapita Lumbadzi, giza likaingia. Wachewa hukwambia jina Dzaleka lina maana ya "nitaacha, sitarudia", na kwamba limetokana na gereza walilofungiwa wapinzani wakati wa Banda, kabla pale pahali hapajafanywa kambi mwaka 1994. Nilikuwa nimelisikia mara mia. Usiku ule niliona kama nimeandikiwa mimi.

Kesho yake nikaenda kwa papa mmoja, yaani baba, tunayemheshimu katika kazi hii, aliyejifunza rangi Bukavu enzi za Mobutu. Nikamwekea kile kipande kiganjani. Alikinusa kwanza. Kisha akakipitisha kidole upande wa ndani, kidole kikatoka cheupe.

"Mwanangu, huyu ukuta ulimfunga nailoni kabla ya kumpaka?"

"Hapana, papa. Nilimgusa."

"Ukamgusa!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mgonjwa wa homa ukimgusa nguo utajua joto lake?"

Akanieleza habari ya nailoni, na huo ndio mtihani ninaoutumia hadi leo. Unachukua kipande cha nailoni angavu, kinachoonyesha upande wa pili, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, unakibandika ukutani kwa tepu pande zote nne pasibaki pa kupumulia, unakiacha usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, au pale chini yake pamekuwa peusi kuliko pembeni, unakunja brashi zako unarudi nyumbani. Ukibandika, bandika karibu na sakafu, maana juu ukuta hudanganya.

Mpangaji wa Amayi aliingia tarehe mosi kama ilivyopangwa, akakaa wiki mbili, nguo zake zikashika ukungu, akahama na kodi yake akarudishiwa. Vyumba vikabaki vitupu mpaka Juni. Hesabu hiyo Amayi hakunisomea, lakini nilimwona akiipiga kwa macho kila niliporudi: miezi mitatu ya kodi kwa sababu ya kuokoa wiki tatu. Rangi mpya niliinunua mimi, kwa deni. Kazi nilifanya bure, kwa siku mbili mbili, nikienda na kurudi kwa ruhusa ya kambi.

Aprili nilikwenda kukwangua tu. Ile ya mafuta ilitoka kwa skrepa kama mafuta ya kupikia yaliyoganda kwenye sufuria. Chumvi nyeupe niliiswaki kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani ya ukuta kupumzika, kisha inatoka tena kukusalimu. Nikaacha madirisha wazi, nikaondoka. Mei mvua ilikwisha. Juni ikaingia baridi kavu ya huku, anga safi, upepo wa asubuhi unaokausha midomo. Nikabandika nailoni. Usiku wa kwanza, matone matatu karibu na sakafu. Nilikaa juu ya ndoo nikayatazama yale matone kama mtu anayesoma barua ya kunyimwa. Nikarudi Dzaleka. Baada ya siku kumi na mbili nikabandika tena, asubuhi nailoni ilikuwa kavu kama bati.

Safari hii mlango wa kwenda nyumba kubwa niliutundikia blanketi bichi na kuuziba kwa tepu, nikafungua dirisha la nje. Unga wa Amayi nilimwomba auanike upande wa barabarani, na hakuwa na kinyongo. Kumbe mwezi wa pili ningeweza tu kuomba. Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake kwa siku mbili. Sakafu niliinyunyizia maji kabla ya kuanza, ili kinachoanguka kisiruke tena. Mastiki nililisugua kwa msasa namba 180 kwa wepesi, pale penye vivimbe tu, na sehemu kubwa nikailainisha kwa sponji yenye maji iliyokamuliwa, ambayo haitoi vumbi hata chembe. Lipu yenyewe sikuipiga msasa. Chembe za mchanga nilizikwangua kwa mwiko, ukuta ukiwa umepigwa maji kidogo, kisha nikauacha ukauke upya. Barakoa nilinunua ile ngumu yenye kamba mbili, inayobana pua, nikanyoa na ndevu kwa ajili yake, kwa sababu ndevu huifungulia vumbi mlango wa pembeni. Ya pili nilimpa agogo. Aliivaa akiwa amekaa kule kule chini ya mwembe, nje, mbali na vumbi lolote, siku nzima.

Usiku niliwasha tochi nikaiegemeza ukutani, mwanga ukatambaa kwa ubavu. Jaribu siku moja: ukuta unaouona laini mchana hugeuka milima na mabonde. Nikarekebisha. Nikafagia sakafu ingali na unyevu, nikaupangusa ukuta kwa tambara bichi kutoka juu kwenda chini, nikibadilisha maji, mpaka nilipopitisha kiganja na kiganja kikatoka na rangi yake ya kawaida. Nikalala bila kupaka. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Asubuhi nikapiga praima inayostahimili magadi ya saruji. Iliposhika, mkono wa kwanza nikauzimua, vikombe vitatu vya rangi kwa kimoja cha maji, maana ukuta mkavu una pupa: ukiupa rangi nzito unanyonya maji yake mara moja, na rangi yenyewe inabaki nje kama mgeni aliyefungiwa mlango. Chini, badala ya rangi ya mafuta, nikamshauri Amayi apake rangi ya maji inayofutika, angalau mpaka mwakani.

Ovaroli nililivua palepale uani, nikaligeuza ndani nje, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni na kulifunga. Nilifika Dzaleka nimevaa shati.

Nilirudi mwisho wa Juni kuchukua ngazi yangu. Amayi alikuja chumbani, hakusema kitu, akaweka ukucha ule ule ukutani. Ukateleza. Akajaribu kule chini, karibu na sakafu, akiwa amechutama. Ukateleza tena. Akasimama akijipangusa magoti.

"Mwachedwa," akasema. Umechelewa.

"Ndiyo, amayi."

Akafika mlangoni, akageuka. Binti yake alikuwa anajenga Area 25. Mafundi wa lipu walimaliza juzi, na mume wa binti anataka wahamie kabla ya katikati ya Julai. "Unaanza lini?"

Niliweka ngazi chini, nikahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha vya mkono wa pili.

"Agosti, amayi. Na nitakuja kwanza na nailoni."